Mimi na mapinduzi yangu, Mangi na vindege vyake: safari ya kinamasi cha Zapata, Kuba

Jumatatu, Havana

Tumetua usiku, mtaa mzima giza, mwenye nyumba katupokea mlangoni na tochi ya simu huku anaomba radhi kama vile yeye ndo kakata umeme. Nikamwambia mama usijali, sisi tumetoka Tanzania, mgao tunaujua. Akacheka, akatuletea kahawa nyeusi tii yenye sukari kidogo sana, na suala la sukari ntalirudia maana lina mkasa wake huku.

Kwa ambao hamnijui, mimi nasoma historia, nipo kwenye uzamivu, nafuatilia vijana wa Unguja waliopelekwa Kuba mwanzoni mwa miaka ya 60 kupewa mafunzo ya siasa na ya kijeshi. Mwenzangu tunamwita Mangi, ni Mchaga bila shaka, na yeye ni mtu wa ikolojia, kakaa misitu ya Usambara muda mrefu anaangalia ndege wanaoitwa chozi wanavyonyonya maua, sasa anataka kulinganisha na kolibri, wale ndege wadogo wa Amerika wanaosimama hewani mbele ya ua wanavuma. Afrika hawapo kabisa kolibri, ni Amerika tu. Na yule mdogo kuliko ndege wote duniani anaishi Kuba peke yake. Ramani yake ya ndege na ramani yangu ya mapinduzi zikakutana sehemu moja, kinamasi cha Zapata, kusini mwa mkoa wa Matanzas, tukasema basi tuchange hela twende wote, teksi moja vyumba viwili.

Jumanne, Havana

Asubuhi yote nimeimalizia kwenye ofisi moja ya nyaraka, sitaitaja. Barua yangu ipo, nimeonyeshwa kabisa, ila anayetakiwa kusaini hayupo na haijulikani anarudi lini. Nimekaa kwenye kiti cha mbao mpaka saa sita, nikanyanyuka.

Mchana tukaenda Ciudad Libertad, magharibi ya mji, zamani ilikuwa kambi kubwa ya jeshi la Batista, yule mtawala aliyepinduliwa na Fidel Castro 1959, baada ya mapinduzi ikageuzwa mji wa shule. Na leo ni tarehe 15 Aprili, tarehe ambayo mwaka 1961 ndege zilizotumwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, zilikuja kupiga viwanja vya ndege vya Kuba siku mbili kabla ya uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe, na uwanja wa hapa ulikuwa mmojawapo. Ndani ya eneo hilo kuna makumbusho ya kampeni ya kusoma na kuandika ya mwaka huohuo, vijana wa mjini, wengi watoto wa sekondari, walipelekwa mashambani na taa ya mafuta na vitabu kufundisha watu wazima, zaidi ya watu laki saba walijua kusoma kwa mwaka mmoja. Wanakijiji walitakiwa wamwandikie Fidel barua kuthibitisha wamejua. Mwandiko unapanda unashuka, herufi kubwa, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Ukishapitia nyaraka za wizara zilizopigwa taipu, barua hizi zinakupa kitu kingine kabisa. Mimi nimesimama pale mpaka Mangi kaanza kupiga miayo.

Usiku tukabishana kuhusu Zanzibar, maana Mangi kaniuliza lile swali ambalo kila mtu huniuliza, hivi kweli Wacuba ndo walipindua Unguja? Hapana. Magazeti ya Magharibi Januari 1964 yaliandika hivyo, kwamba wameonekana askari wa Kuba. Ukweli mdogo na unavutia zaidi: chama cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party) kilikuwa na ofisi hapahapa Havana kabla ya uhuru, vijana wakapata njia ya kuja kufunzwa, na mwanasiasa Abdulrahman Babu alipojitoa ZNP mwaka 1963 akaunda Umma Party baadhi yao wakamfuata. Tarehe 12 Januari palipochafuka waliingia mitaani na sare zao na ndevu zao na vile vimaneno vya Kihispania, mwandishi wa kizungu akiona bereti anaandika Mcuba. Okello mwenyewe, aliyeongoza mapinduzi yale, alikuwa mtu wa Uganda. Mimi nadhani uvivu wa waandishi wachache umetugharimu miaka sitini ya kujibu swali lisilo lenyewe.

Jumatano, njiani kwenda Playa Larga

Teksi ya kuchangia, gari la Kimarekani la zamani injini ya dizeli ya kubandika, siti nyuma tuko wanne. Kama kilomita 180 hivi. Barabara kuu pana lakini magari ya kuhesabu kwa vidole, mafuta ni shida.

Kando ya barabara kichaka kimoja kinajirudia rudia maili baada ya maili, kijani kizito, miba mirefu, maua nusu ya zambarau nusu ya njano. Mangi akapiga kelele, mkulagembe huo! Ndo wenyewe, Dichrostachys cinerea, wa kwetu kabisa, hapa wanauita marabú. Uliletwa karne ya 19 ukavamia nchi, na mashamba ya miwa yalivyoachwa ukachukua mamia ya maelfu ya hekta. Trekta linashindwa. Watu wakaona basi tuuchome, sasa wanatengeneza mkaa wa mkulagembe wanauza Ulaya, na Januari 2017 tani 40 zikauzwa Marekani, bidhaa ya kwanza ya Kuba kuuzwa kule kihalali kwa zaidi ya nusu karne. Mimi mtu wa historia ya vita baridi nimejipinda kusoma vikwazo na mikataba, kumbe kilichopenya ni gunia la mkaa.

Tukasimama Australia. Ni jina la kiwanda cha sukari, karibu na mji wa Jagüey Grande, na Fidel alifanya hapa makao yake ya kuongoza vita dhidi ya uvamizi ule wa Aprili 1961 kwa sababu kilikuwa na simu na kipo palepale barabara inapoanza kushuka kinamasini. Sasa kiwanda kimekufa, ni makumbusho, mashine zimepakwa rangi. Mwaka 1970 Kuba ilijipangia tani milioni 10 za sukari, ikapata milioni 8.5, nchi nzima ikahuzunika kwamba imeshindwa. Leo mavuno hayafiki hata sehemu ya kumi ya hizo na sukari nyingine inaagizwa nje. Ndo maana kahawa ile ya juzi.

Karibu na Playa Larga dereva akaanza kutukana polepole. Kaa. Barabara yote kaa wa nchi kavu, maelfu, wanatoka msituni wanavuka kwenda baharini kumwaga mayai, ni msimu wao, wengine washapondwa lami inanuka. Gamba lililovunjika lina ncha, tairi la nyuma likaondoka na sisi tukashuka kusukuma huku kaa wanatunyanyulia magando kama watu wa mgambo. Mangi anapiga picha. Mimi nasukuma.

Alhamisi, Pálpite

Hii ndo siku ya Mangi, lakini ikawa ya kwangu pia.

Pálpite ni kijiji kidogo juu kidogo ya Playa Larga, njia panda, nyumba za kawaida, kuku, baiskeli. Tarehe 17 Aprili 1961, tarehe ya leo, Brigedi 2506, kama watu 1,400 wengi wao Wacuba wa uhamishoni waliofunzwa na CIA, walishuka ufukwe wa Playa Larga na Playa Girón. Wengine walidondoshwa kwa miavuli huku ndani ili waishike barabara. Sababu kinamasi hakipitiki, ukishika zile barabara chache zinazokatiza basi jeshi halikufikii, unatangaza serikali yako ufukweni unaomba Wamarekani waitambue. Wale wa miavuli wakashindwa kuishika, wanamgambo wa Kuba wakaingia Pálpite mchana wa siku hiyohiyo, na kuanzia hapo mambo yalikuwa yameshaharibika kwa wavamizi.

Sasa hapahapa kuna nyumba ambayo uani pamepandwa vichaka vya ponasí, mti mdogo wenye maua membamba ya chungwa kama mirija, na watu wanatoka pande zote za dunia kuja kukaa kwenye viti vya plastiki vya huo uani. Zunzuncito, yule ndege mdogo kuliko wote. Mellisuga helenae.

Nikiri nilitegemea kuona ndege. Kwa dakika kadhaa niliona nyuki tu, Mangi ananinong'oneza "dada, si nyuki huyo, huyo huyo." Sentimita tano na kitu kuanzia ncha ya mdomo hadi mkia, dume hafiki gramu mbili. Jike mkubwa kidogo. Mabawa yanapiga kama mara 80 kwa sekunde, huoni bawa, unaona ukungu kila upande wa mwili. Akarudi nyuma. Kinyumenyume kabisa, akatoa mdomo kwenye ua, akasogea pembeni, akaingia ua lingine. Mangi ananieleza bega la kolibri linazunguka kiasi kwamba bawa likienda mbele linambeba na likirudi nyuma linambeba pia, chozi wetu hana hiyo, chozi anaweza kuning'inia hewani kidogo tu lakini kazi yake anaifanya amesimama, ndo maana maua mengi yanayotegemea chozi yana mahali pa kukanyaga na haya ya huku yananing'inia tu hewani hayana hata kijiti.

Ulimi nao una mambo. Watu waliamini kwa zaidi ya karne kwamba nekta inapanda yenyewe kwenye ulimi kama maji kwenye utambi. Picha za video za kasi kubwa zikaonyesha vingine, ulimi umegawanyika ncha mbili, unatoka umebanwa umekuwa bapa, ukigusa nekta unafunguka na kunasa, wote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Na usiku, kwa kuwa mwili mdogo unapoteza joto haraka na tumbo halina akiba, kolibri wanaweza kushusha joto la mwili na mapigo ya moyo wakawa kama wamezimia mpaka alfajiri.

Dume alikuwa juu kwenye kijiti kikavu anaimba, sauti nyembamba inayochoma. Huu ndo msimu wa kuzaliana, kichwa na koo vinakuwa vyekundu, lakini wekundu wenyewe unategemea pembe, akigeuka ni mweusi, akigeuka tena moto. Kuna zunzún wa kawaida pia, kijani, karibu mara mbili ya urefu, mbabe kweli, akitokea wote wadogo wanatawanyika. Mwenyeji akatuonyesha kiota kwa mbali, akatuzuia kusogea, kimeshonwa kwa utando wa buibui na vigaga vya magome ya mti, upana wake sentimita mbili tatu, mayai mawili kila moja kama punje ya buni. Jike analea peke yake.

Mangi ana mtazamo wake kuhusu vile vyombo vya maji ya sukari ambavyo baadhi ya nyumba wanatundika, havipendi, anasema anataka kuona ndege anachagua ua lipi, sio nani kamwagiwa. Mimi nikamwuliza hiyo sukari wanaipata wapi, akakosa jibu.

Jina helenae, kwa faida yenu. Mjerumani Juan Gundlach alifika Kuba 1839 akakaa huko mpaka kufa, akakusanya wanyama na ndege, na huyu mdogo akaelezwa kitaalamu mwaka 1850 na Juan Lembeye, akapewa jina la Helena Booth, mke wa rafiki yake Gundlach aliyemkaribisha kisiwani. Enzi hizo Kuba bado ina watumwa, utumwa ulifutwa 1886. Nani alimwona ndege huyu kwanza, nani alijua anajenga mti gani, hilo halikuandikwa. Mimi kila nikisoma jina la kisayansi la karne ile najiuliza nani alikuwa anabeba mizigo ya bwana mtaalamu.

Ijumaa, Playa Girón

Makumbusho nje ina ndege ya kivita Sea Fury, ndani ramani, bunduki, picha za vijana waliokufa. Maelezo ni ya ushindi na mimi sina tatizo na hilo, saa zisizofika 72, kama wavamizi 1,200 walitekwa, na Desemba 1962 wakarudishwa kwa kubadilishana na chakula na dawa za dola milioni 53. Ila ukisoma kuta zote unajua kila kikosi kilipita wapi na hujui watu wa hapa walikuwa wanakula nini.

Isipokuwa kwenye kabati moja. Viatu vyeupe vya msichana, vimetobolewa na risasi. Nemesia Rodríguez, binti wa familia ya wachoma mkaa wa Soplillar, alikuwa hajawahi kuwa na viatu vyeupe, ndo alikuwa amevipata, familia inakimbia na lori ndege ikawapiga, mama yake akafa mbele yake. Nimeangalia kisigino kimoja muda mrefu. Sijaandika kitu kwenye daftari.

Mchana tukazamia na miwani ya maji, matumbawe yanaanza karibu sana na ufukwe. Hapa Mangi alifurahi kupita kiasi, maana nilimweleza kwamba picha zilizopigwa na ndege za ujasusi zilionyesha vivuli vyeusi majini na wachambuzi wakasema mwani huo, boti zitapita. Yakawa matumbawe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 boti zikachanika matumbo, watu wakashuka majini na redio zikalowa. "Wangeajiri mwanafunzi mmoja tu wa baiolojia ya bahari," anasema, "mmoja!" Amelirudia hilo mpaka chakula cha usiku, samaki na wali na maharage meusi, mengi na mazuri.

Jumamosi, Soplillar

Tumekodi baiskeli, njia nyeupe ya mawe ya chokaa, msitu pande zote. Kando ya njia kulikuwa na lile ua la mipira ya chungwa iliyopangana juu ya bua, lililojaa njia za Lushoto, Leonotis, nalo limetoka Afrika likajizalia huku, na zunzún alikuwa juu yake anavuma. Mpira ule mgumu kwetu chozi anaukanyaga. Huyu hakukanyaga kitu, akazunguka ua lote hewani. Mangi kakaa chini kwenye mavumbi na saa ya kuhesabia sekunde, hakutaka kuondoka, nikamwacha.

Mimi nilikuwa na miadi na mzee mmoja, sitamtaja, baba yake alikuwa mchoma mkaa na yeye mwenyewe alianza utotoni. Mkesha wa Krismasi 1959 Fidel alikuja hapa kula na wachoma mkaa, kila mtu atakwambia hilo, na yeye alianza nalo. Nikamwacha amalize kisha nikamwuliza kuhusu tanuri. Hapo mzee akabadilika. Akashika kijiti akachora chini: magogo yanasimamishwa yameegemeana mpaka yanakuwa rundo kubwa lenye umbo la koni, katikati unaacha tundu, unafunika majani halafu udongo, moto unautia kupitia juu. Halafu hulali. Siku na siku unazunguka unaangalia moshi, mahali udongo umebonyea unakimbia kuziba, hewa ikiingia umepoteza kila kitu, asubuhi unakuta majivu. Nikamwambia kwetu pia tanuri hufanywa hivyohivyo na watu hulala nalo porini, akaniuliza mnatumia udongo mwekundu au mweusi.

Na barabara? Zamani hazikuwepo, anasema, kulikuwa na reli nyembamba na mashua na matope, mgonjwa alifia njiani. Barabara za kukatiza kinamasi zilijengwa baada ya 1959, kwa ajili ya watu kama baba yake. Ndo zilezile wavamizi walizozihesabu kwenye ramani kwamba tukizishika tumeshinda, na ndo zilezile jeshi la Fidel liliteremka nazo. Miezi michache tu lami imelazwa. Mimi kwa tasnifu yangu hiki ni kikubwa kuliko hotuba zote nilizosoma, na nilikipata kwa kuuliza habari za mkaa.

Nikamwuliza na zunzuncito kwa niaba ya Mangi. Alikuwepo siku zote, akasema, hatukumhesabu. Msitu uliokatwa kwa mkaa ulikuwa wa kwake, uliobaki sasa ni hifadhi, na kwenye orodha ya kimataifa amewekwa kundi la wanaokaribia kuwa hatarini kwa sababu misitu ya namna hii imepungua kisiwa kizima. Lakini mgao wa umeme ukizidi watu wanapikia nini? Mkaa. Mzee alisema hilo bila kuulizwa, akacheka.

Jumapili, Santa Clara

Hapa ndo kwenye kaburi la Che Guevara, mwenzake Fidel kwenye mapinduzi, mabaki yaliletwa kutoka Bolivia 1997, miaka thelathini baada ya kuuawa. Ndani ni baridi, kofia hairuhusiwi, picha hairuhusiwi. Mangi kabaki nje kwenye kivuli.

Mimi nilikuwa nawaza Kigoma. Aprili 1965 Che alitoka Dar, akavuka Ziwa Tanganyika usiku na kundi la kwanza kuingia Kongo kusaidia waasi wa kule, yeye akiitwa Tatu, kamanda rasmi akiwa Víctor Dreke akiitwa Moja. Wacuba zaidi ya mia moja, karibu wote weusi, walipita nchi yetu mwaka ule, na Novemba wakarudi kupitia ziwa hilohilo wameshindwa, yeye akajifungia ubalozi wa Kuba Dar akaandika yaliyotokea bila kujipendelea. Kuna vitabu kuhusu makamanda, kuna vitabu kuhusu CIA ziwani. Waliopiga kasia, waliopika, mama aliyeuza dagaa na unga kwa kundi la wageni wanaoongea Kihispania, hao siwaoni popote, na baada ya jana siwezi tena kuandika sura ile kwa kutumia nyaraka peke yake.

Kwa hiyo Agosti naenda Kigoma inshallah, Ujiji na vijiji vya kusini yake. Mwenye babu au bibi aliyekuwepo ziwani 1965, hata kama anakumbuka bei ya samaki tu, naomba uniunganishe nae. Mangi anasema atakuja, ila nimemjua, anafuata chozi.